Nilivyosugua Valvu kwa Majivu

Nilizisugua valvu za gari langu kwa mchanga na majivu, kwa kumbi la nazi, nimechuchumaa mahali pale pale mke wangu anapooshea masufuria. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu Temeke habari hii imeshasimuliwa sana na watu ambao hata hawakuwapo, na kila msimuliaji ananiongezea la kwake. Wako wanaosema nilitumia sabuni. Uongo. Sabuni miaka ile ningeitoa wapi? Wako wanaosema nilizianika kwenye kichanja pamoja na vikombe na vijiko. Hilo ni kweli.

Valvu, kwa asiyezijua, ni vyuma vyenye umbo la uyoga: kijiti kirefu, juu yake kofia bapa. Zinakaa kichwani mwa injini zikifungua na kufunga. Nyingine zinaingiza hewa na petroli, nyingine zinatoa moshi. Haya niliyajua vizuri sana. Nimefika kidato cha nne, na fizikia nilifaulu. Wakati wa chai nilikuwa namweleza mke wangu, kijiko kikiwa pistoni na kikombe kikiwa silinda: inavuta, inakandamiza, inawaka, inatoa. Alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anaomba kijiko chake.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la Kiingereza, rangi ya maziwa yaliyochacha. Niliachiwa na mkubwa wangu wa ofisini alipohamishiwa mkoani. Nililijengea banda la makuti ubavuni mwa nyumba kabla hata sijajua kurudi kinyumenyume, nikalishonea na shuka la kulifunika. Mke wangu alisema hata yeye hajawahi kushonewa kitu. Nilimwambia yeye hanyeshewi.

Mie si mtu wa kutoka. Nikirudi kazini nataka kiti changu cha kamba, redio yangu, na ukuta wa kuegemea. Kazini nilikwenda na basi la ofisi, kwa hiyo gari lilikuwa la Jumamosi tu: linatolewa bandani, linakwenda sokoni, linarudi bandani, linafunikwa. Kutoka kwetu hadi sokoni hata chai haipoi. Majirani walikuwa wanasema gari langu linajua vituo viwili, nyanya na vitunguu. Nami nilijiona mtu wa maana, najua kutunza mali wakati wenzangu wanaziua zao kwenye mashimo ya Kigogo.

Basi, gari likaanza kuumwa. Kwanza lilitetemeka likiwa limesimama, kama mtu mwenye homa. Halafu likawa linakohoa asubuhi. Siku moja tulikwenda kuhani msiba Mbagala, likafika katikati ya kilima likakataa, likabaki linanguruma palepale. Tukashuka. Mke wangu alisukuma akiwa amevaa khanga zake za msibani, huku vijana wa shamba la mihogo wakimwambia, "Pole mama, mbuzi wako kagoma?" Tangu siku ile kila mtu wa ukweni alikuwa na neno la kusema juu ya gari langu, na kila neno lilimfikia mke wangu kabla halijanifikia mie.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Mdogo wake mke wangu alikuwa anaolewa. Wazee wao wako Chamazi, bwana arusi mtu wa Tandale, mtoto wa wachuuzi wa pale sokoni. Siku ya kikao cha ukoo, shangazi yao mkubwa akauliza bibi arusi ataondokaje. Mke wangu akasema, mbele ya ukoo mzima ulioketi mkekani, "Ataondoka kwa gari. Gari la shemeji yake."

"Gari gani?" shangazi akauliza. "Lile linalosukumwa?"

"Litakwenda," mke wangu akasema.

Mjue kwamba mke wangu hakuwa mtu wa kujigamba. Na angejigambia nini? Dada zake waliolewa na wanaume wa bandarini na wa malori, watu wakubwa wa sauti, wanaofika ukweni na gunia la kitu begani. Yeye akaolewa na mie, mwanamume ambaye kwenye misiba ya ukweni naulizia basi la kurudi kabla maiti haijatoka. Ndani ya ndoa yetu yote hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama mbele ya watu wake akatoa neno kwa ajili yangu. Litakwenda. Lisipokwenda, atakayechekwa na shangazi si mie. Atachekwa yeye, maisha yake yote, kila arusi na kila hitima.

Na arusi ilikuwa Jumapili. Wanaozikumbuka siku zile wanajua maana yake. Jumapili ikipiga saa nane mchana, gari la mtu binafsi likionekana barabarani ni kosa, mpaka Jumatatu alfajiri. Petroli ilikuwa inabanwa, na askari walikuwa hawana mzaha. Kwa hiyo bibi arusi awe ameshaingia Tandale kabla ya saa nane, au atembee na hina yake miguuni.

Nikamwita fundi wa Keko, mtu mwembamba mwenye sauti nene, ambaye kazi yake ilikuwa nzuri na ahadi zake mbaya. Ajabu alikuja siku aliyosema, Alhamisi jioni. Akalisikiliza gari, akafungua kichwa cha injini, akakigeuza juu ya gunia. Akazitoa valvu zote akazichomeka moja moja kwenye kipande cha boksi, kwa mpangilio wake, maana kila moja ina tundu lake na haikai kwa mwenzake.

Zile za kutoa moshi hazikuwa na neno, zilikuwa za kijivu tu. Za kuingiza hewa ndizo zilizonitisha. Zilikuwa nne, na kila moja, nyuma ya kofia, imevimba kwa weusi uliogandamana, kama muhogo uliosahauliwa motoni.

"Unaona?" fundi akasema. "Lilikuwa linapumua huku limezibwa pua. Oili inashuka hapa kwenye kijiti, inafika hapa inakaangwa. Leo kidogo, kesho kidogo. Inakuwa ukoko."

"Ndiyo," nikasema, "kwa sababu wakati wa kuvuta, pistoni ikishuka, presha ndani ya silinda inapungua, sasa kile kinachotokea ni kwamba..."

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa mikono na kwa mfano wa pampu ya baiskeli. Yeye alikuwa anasema vitu vyake huku ananionyesha ile valvu, nami nasema vyangu. Mwishoni akafuta mikono.

"Kusafisha utasafisha mwenyewe, bwana mkubwa. Kesho nina gari la ushirika, siwezi kuja. Loweka kwenye mafuta ya taa, kwangua pole pole, ukoko wote utoke. Jumamosi asubuhi nakuja kufunga."

Mafuta ya taa! Alisema kama mtu anayesema maji. Mafuta ya taa yalikuwa yanagawiwa kwa balozi wa nyumba kumi, kwa foleni, ndoo na chupa zimepangwa tangu alfajiri badala ya wenyewe. Yaliyokuwamo ndani ni ya mke wangu, ya taa na ya jiko lake dogo la kuchemshia chai. Nikamwomba. Akanitazama mie, akaitazama chupa.

"Yote?"

"Ni kwa ajili ya mdogo wako."

Akanipa. Jioni ile tulikunywa chai iliyochemshwa kwa mkaa, tukakaa na koroboi moja yenye moto kama jicho la panya, na hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Asubuhi ya Ijumaa nilituma udhuru kazini nikakaa na valvu zangu. Zimelala kwenye mafuta usiku kucha, zimetoka kama zilivyoingia. Nikakwangua kwa kisu cha mezani, kisu kikapinda. Nikakwangua kwa kipande cha bati, nikajikata. Kila anayepita anasimama kwenye ua. Mmoja akasema nitie ndimu. Mwingine akasema kaka yake alitumia maji ya betri. Mama mmoja muuza maandazi akaniuliza hivyo vyuma vinaliwa na nani, nikamwambia apite zake. Jua linapanda, na mie sijamaliza hata nusu ya moja.

Hapo ndipo macho yangu yakaangukia masufuria ya mke wangu.

Yalikuwa yamepangwa kichanjani, yamefudikizwa, yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Masufuria yale hukaa juu ya kuni, hutoka na masizi mazito kuliko haya, na kila siku mke wangu anayarudisha meupe bila sabuni, bila mafuta ya taa, bila fundi wa Keko. Mchanga kidogo, majivu kidogo, kumbi la nazi, mkono. Nikajiuliza: masizi ya sufuria na masizi ya injini yana tofauti gani? Kikemia hakuna. Nilijijibu hivyo hasa, kikemia hakuna, nikachuchumaa.

Ee bwana, yalitoka! Nitasema ukweli, nilifurahi kama mtoto. Nilisugua nyuma ya kofia, nikasugua mbele, nikasugua ukingo wote kuzunguka, nikasuuza, nikaiinua juani. Nyeupe pe! Nikaenda ya pili, nikaenda ya tatu. Nilikuwa naimba.

"Jirani."

Alikuwa jirani yangu wa ua, mchonga vinyago kutoka Newala, anayeshinda chini ya kibanda chake amebana gogo la mpingo kwa miguu. Hasemi sana, lakini akisema unatamani asingesema. Alikuwa amesimama anachungulia juu ya uzio wa makuti.

"Naam, jirani."

"Unaosha nini?"

"Injini."

"Kwa mchanga?"

"Masizi ni masizi, jirani."

"Mie mpingo wangu sijaupigia mchanga hata siku moja."

"Wako ni mti. Hiki ni chuma."

"Haya," akasema. Hakuondoka. "Hiyo moja iliyobaki nipe mie."

"Ya nini?"

"Wewe nipe. Umeshafanya zako tatu. Hiyo moja nifanye mie, tuone ipi itapendeza."

Nikampa kwa kumkomoa, ili aone kazi ya masizi ilivyo. Zangu nikazipanga kichanjani kati ya vikombe, nikaenda kwenye kiti changu cha kamba, nikafungua redio. Mke wangu alirudi kutoka kisimani, akaziona, akatua ndoo.

"Zimekuwa safi," akasema.

"Nimetumia njia yako."

"Njia yangu ni ya sufuria," akasema, lakini nilimwona anatabasamu, na kwa tabasamu lile ningeweza kusugua meli nzima.

Jumamosi fundi akaja. Alifika na mfuko wake wa spana, akaniamkia, akaelekea kwenye kichanja. Akachukua valvu ya kwanza, akapitisha ukucha ukingoni. Akachukua ya pili, akafanya vile vile. Ya tatu hakuigusa. Akakaa chini.

"Nani kaziosha hizi?"

"Mie."

"Kwa nini?"

Nikadhani anauliza kwa kitu gani. "Mchanga kidogo. Na majivu."

Alizitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Halafu akanionyesha. Kwenye ukingo wa kofia, pale valvu inapokalia na kuziba tundu, mchanga ulikuwa umeacha mikwaruzo, mingi, imezunguka pande zote. Valvu isipoziba pale, nguvu yote inatorokea hapo, na gari linakuwa bovu zaidi kuliko lilivyokuwa na masizi yake.

"Bwana mkubwa, nilikwambia ukingo huu usiuguse."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia. Nilikwambia nimekushikia mbele ya macho yako. Wewe wakati huo ulikuwa unanieleza injini inavyofanya kazi."

Mke wangu alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Sasa?" akauliza. Hakuniuliza mie. Alimuuliza fundi.

"Sasa itabidi tuzisage, mama. Kila moja kwenye tundu lake mpaka ikubali. Na pesti ya kusagia madukani hakuna, labda hii niliyo nayo itoshe." Akatoa kopo la rangi ya viatu, ndani yake mna utope wa kijivu, umebaki chini chini kama dawa ya mgonjwa aliyepona zamani.

Kusaga valvu ni kazi ya mtu aliyelaaniwa. Unapaka ile pesti ukingoni, unaitia valvu kwenye tundu lake, unaishika kwa kijiti chenye mpira wa kunata, halafu unapekecha kijiti katikati ya viganja, huku na huku, kama watu wa zamani wanaotafuta moto. Unainua, unafuta, unatazama, bado. Unapaka tena. "Sikiliza," fundi alisema. "Ikikwaruza, bado. Ikiwa laini, imekubali." Nilipekecha. Akapumzika yeye, nikapekecha. Viganja vyangu ni vya kalamu, vilitoa malengelenge kabla ya adhuhuri, na yakapasuka kabla ya chakula. Kila nilipotaka kulalamika, namwona mke wangu pale mlangoni na ungo wake, napekecha.

Saa tisa hivi akaja mtu kutoka Chamazi kwa baiskeli, na salamu. Mke wangu akazisikiliza, akaja kunifikishia bila kuongeza chumvi.

"Shangazi anauliza, au watafute mkokoteni?"

"Mwambie asubiri."

"Nimwambie asubiri au nimwambie litakwenda?"

Nikapekecha.

Jioni inaingia, zile tatu zikakubali. Pesti ikaisha kwenye ya tatu, tulimalizia kwa kilichobaki kwenye kidole cha fundi. Hatukuwa na tone la kuokoa ya nne. Tukatazamana. Ya nne ilikuwa kwa jirani.

Nilimkuta kibandani kwake, ameikamata ile valvu kwa vidole viwili, anaisugua. Msasa wa dukani ulishapotea kama vitu vingine vyote, kwa hiyo yeye alirudia majani ya msasa wenyewe, ule mti wa porini, majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka, aliyokuwa akiletewa kutoka upande wa Pugu. Anachovya jani kwenye mafuta ya nazi, anasugua kidogo, anafuta, anainua juani. Vinyago vyake vilivyokwisha vilikuwa vimemzunguka vinanitazama kwa dharau.

"Jirani, nipe sasa. Tunafunga."

"Bado."

"Bado nini? Masizi hayapo!"

"Hapa shingoni pana kivuli."

"Jirani, hicho kitu kinaingia ndani ya injini. Hakuna atakayekiona."

"Mie nimekiona."

"Arusi ni kesho!"

"Ndiyo," akasema kwa upole, akachukua jani jingine. "Nenda kajiandae."

Nikarudi nikamtuma fundi, nikidhani watu wa kazi za mikono wataelewana. Walielewana. Nilisubiri, nikasubiri, nikaenda kuchungulia: fundi ameketi juu ya gogo la mpingo, ana kipande cha muhogo wa kuchoma mdomoni, na wote wawili wameiinua valvu yangu juani kama watu wanaotazama mwezi wa Ramadhani.

"Hebu igeuze," fundi anasema.

"Nyie!" nikapiga kelele. "Nyie ndugu zangu mna akili kweli?"

Jua lilikuwa limefika kwenye makuti ndipo jirani akatuachia. Kusema kweli ilikuwa nzuri. Shingo yake ilikuwa inang'aa kama pete, na ukingo hakuugusa kabisa, si kwa kuwa alijua, bali kwa sababu haukuwa na masizi, na yeye hagusi mahali pasipo na kazi. Lakini sikumshukuru. Kama angekuwa na nne, bibi arusi angeolewa akiwa bibi kizee.

Tukafunga mbio mbio. Gasketi ya kuzibia kichwa cha injini ilikuwa ile ile ya zamani, maana mpya haikuwepo mjini, tukaipaka rangi ya fedha ya kupakia mabati ili ishike. Magharibi ikaadhiniwa fundi anakaza nati ya mwisho. Nikawasha. Likawaka! Na likatetemeka. Lilitetemeka kidogo kuliko zamani, lakini lilitetemeka, na moshi mweusi ukatoka nyuma ukajaza ua wote.

"Mbona hivi?" nikauliza.

"Huko ndani na kwenye ekzosi kuna uchafu wa zamani. Likitembea litajisafisha."

"Na lisipojisafisha?"

Fundi akafunga mfuko wake. "Basi mtasukuma."

Jumapili asubuhi tulitoka mie na mke wangu, yeye kavaa gauni lake zuri, kaweka khanga ya akiba mapajani. Nilijua ile khanga ni ya nini. Ni ya kusukumia. Tukafika chini ya kilima cha Mbagala. Hapo akashika mlango. Nikaingiza gia ya pili, nikakanyaga. Likakohoa. Likakohoa tena, likatema kitu cheusi nyuma, mwendesha baiskeli akanitukania mama yangu, halafu likapanda. Lilipanda kwa kunung'unika, lakini lilipanda. Mke wangu akaachia mlango.

Chamazi tulifika mapema. Sasa nataka mtu anieleze, kwa nini bibi arusi anayejua siku yake tangu mwezi mzima uliopita hawezi kuwa tayari siku yenyewe. Ndoa imeshafungwa asubuhi, pilau imeshaliwa, saa sita imepita, na ndani ya chumba kile hina inatazamwa upya, wanja unafutwa, unapakwa, kungwi anaimba. Nilikuwa nimesimama nje na saa yangu ya mkono, nagonga mlango.

"Jamani, saa saba inaingia!"

"Mkwe," kungwi akajibu kutoka ndani, "huyu ni bibi arusi, si gunia la mkaa. Kaa chini unywe maji."

Mie, mtu ambaye kazi yangu duniani ni kukaa, siku ile niliambiwa nikae nikashindwa.

Walipotoka ilikuwa saa saba na ushei. Bibi arusi katikati, kungwi upande huu, shangazi mkubwa upande ule, mke wangu mbele na sinia la ubani mapajani. Shangazi aliingia garini kama mtu anayekalia kiti kibovu kwa makusudi ili kivunjike.

"Likizimika, mie nashuka kwanza," akasema.

"Litakwenda," mke wangu akasema, akitazama mbele.

Kwenye mchanga nilikwenda pole pole, jasho linanitiririka mpaka kwenye malengelenge. Tulipokanyaga lami nikatazama saa, nikajua kwa mwendo wangu wa nyanya na vitunguu hatufiki. Basi nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nimiliki gari lile: nikakanyaga mpaka mwisho. Likapiga kelele. Likatoa moshi mpaka nikashindwa kuiona Mbagala kwenye kioo. Mtoni nikasikia linakohoa kidogo. Temeke, tunapita karibu kabisa na kwetu, halikohoi. Lilikuwa limepata moto ambao halikuwahi kuupata, na kadiri lilivyopata moto ndivyo lilivyolainika. Ule mtetemeko ulikwisha mikononi mwangu bila kuniaga.

"Ha! Kumbe mkwe unajua kukimbia," kungwi akasema. "Siku zote unatuficha."

Jangwani askari akatunyooshea mkono. Nikasimama. Akainama dirishani, akatazama saa yake.

"Ndugu, unajua ni saa ngapi?"

"Bado dakika chache, afande."

"Kwangu mie zinaonekana zimekwisha."

Shangazi akaukunjua mkono wake wenye bangili zote, akautoa dirishani. "Wewe mwanangu, umeoa?"

"Shikamoo, mama. Bado."

"Marahaba. Basi usitie mkosi kwenye foleni yako mwenyewe. Dereva, endesha!"

Askari akacheka, akaruka pembeni. Mwinuko wa kuingia Magomeni nikaupanda kwa gia ya tatu, na watu wanne, na ubani. Tandale tuliingia vigelegele vikitoka pande zote, wachukuzi wa sokoni wakituondolea matenga njiani. Nikazima gari mbele ya nyumba ya bwana arusi, na redio ya mtu pale barazani ikatangaza saa nane.

Shangazi alishuka mwisho. Akapiga bati la gari kwa kiganja, mara moja, akamtazama mke wangu.

"Limekwenda," akasema.

Mke wangu akachukua ile khanga ya kusukumia, akajifunga kiunoni, akaingia ndani kucheza.

Nami nikabaki. Ndipo nilipogundua sehemu ya hesabu ambayo sikuipiga: saa nane imeshapita, gari haliwezi kurudi Temeke mpaka alfajiri, na siwezi kuliacha peke yake Tandale. Kwa mara ya kwanza maishani nilikaa arusi ya ukweni mwanzo mpaka mwisho. Nilitambulishwa kwa wajomba nisiowajua. Nilikula mara mbili. Nililala kwenye mkeka uliokuwa na mtu mwingine, na mtu mwenyewe alikuwa anakoroma. Sitaki kulizungumzia zaidi.

Jumatatu jua linachomoza tuliingia kwetu, gari linanguruma laini kama cherehani. Jirani yangu alikuwa tayari kibandani, amebana gogo lake. Akasimamisha patasi, akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka nilipozima. Nikashuka kifua mbele. Nikaanza kumweleza: unajua jirani, valvu ikishakuwa safi, mvuto wa hewa unakuwa huru, sasa presha ndani ya silinda...

Nilikuwa nimeshalishika shuka, nalivuta juu ya boneti nilifunike, aliponikatiza.

"Jirani, hebu acha hilo shuka. Gari unalifungia ndani kama mwali, halafu unashangaa linakohoa. Kesho litoe tena, na wewe mwenyewe utoke."